Usihamishe jana la nyuki usilojua yai lake lilitagwa lini

Mkuu, weka hicho kijiko chini kwanza. Unataka kuzalisha malkia wa nyuki, ukauliza vikombe vya kulelea majana (watoto wa nyuki waliokwisha kuanguliwa) viwe vya nta au plastiki, sukari kiasi gani na visanduku vingapi vya kupandishia malkia, yaani vya kuwaweka hadi wapandwe na madume, halafu katikati ukapenyeza kwamba utahamisha kwa kijiko hadi vikombeni majana ya siku tatu kwa sababu yanaonekana vizuri na mkufunzi amesema yanafaa. Hapo ndipo msimu wako utakapoishia.

Mkufunzi kawapa nusu ya ukweli. Jana la kibarua, yaani nyuki jike mfanyakazi, lisilozidi siku tatu tangu kuanguliwa linaweza kugeuzwa malkia, na kundi lililofiwa na malkia hufanya hivyo likikosa namna. Lakini kadiri linavyochelewa kwenye chakula cha kibarua, ndivyo mirija ya mayai inavyopungua na kifuko cha kuhifadhia mbegu za madume kinavyokuwa kidogo. Unapata malkia anayetaga muda mfupi, kisha nyuki wenyewe wanambadilisha, au anabaki kutaga madume matupu.

Na hiyo bado ni hasara ndogo. Hesabu tarehe. Yai huanguliwa siku ya 3. Malkia wa Ulaya hutoka siku ya 16 tangu kutagwa, wetu wa Afrika hutangulia, mara nyingi siku ya 15. Ukihamisha tarehe 5 jana la siku tatu, yai lake lilitagwa siku sita nyuma. Huyo anatoka tarehe 14, wakati wenzake waliohamishwa wachanga wanatoka tarehe 16. Akitoka tu, anapita kwenye kila chumba, yaani kijumba cha nta anamokulia malkia, akiwaua waliobaki. Fremu nzima ya vyumba inakwisha kwa jana moja! Ukifungua mzinga utaona mwenyewe: chumba alichotoka malkia salama kimekatwa nchani, duara safi, mara nyingi kifuniko kinaning'inia. Vilivyouliwa vina tundu ubavuni.

Inaniudhi kuona watu wanalipishwa semina, wanapewa kalenda ya Ulaya iliyonakiliwa vilevile, na hakuna anayewafundisha kumfungia malkia. Mfugaji anarudi kwake akiamini nyuki wake ni wakali mno kwa kazi hii. Si ukali, ni tarehe.

Fanya hivi. Tarehe 1 asubuhi mfungie malkia bora kwenye kizimba cha wavu wa kuzuia malkia (vibarua hupita, yeye hapiti), pamoja na sega tupu lililokwisha kulelewa majana, jeusijeusi, lililosafishwa na nyuki. Tarehe 2 saa ileile mtoe, sega libaki ndani ya wavu. Tarehe 5 hamisha majana kwenye vikombe, uvipe kundi la kulelea, yaani kundi lisilo na malkia litakalowalea. Jana unalotaka halizidi sana yai kwa ukubwa: uzi mdogo uliopinda, karibu uwazi, unaelea kwenye tone la maziwa ya nyuki, chakula chake. Likishakuwa pete inayojaza chini ya kitundu, liache. Huoni? Tafuta taa ya kichwani na miwani ya kukuza, usitafute jana kubwa. Ingiza kijiko upande wa mgongo wake, liinue na maziwa yake, literemshe bila kuligeuza. Likigeuka, achana nalo, chukua jingine. Fanyia kivulini, vikombe vifunike kwa kitambaa chenye unyevu.

Jambo jingine linalouma vilevile: umesema kundi la kulelea litabaki na majana yake. Hapana. Likikosa malkia litajijengea vyumba kwenye masega yake, na nyuki hawa si kila mara huchagua jana changa kama wewe. Toa masega yote yenye mayai na majana ambayo hayajafunikwa, bakiza asali, chavua na nyuki walezi wengi hadi wabanane. Masega yanayobaki yakung'ute nyuki uyakague pembezoni na chini, ubomoe kila chumba cha malkia. Fremu ya vikombe vyako usiikung'ute kamwe. Ikishafunikwa, kuanzia kama tarehe 9 hadi 13, hata kuigusa acha. Tarehe 14 gawa vyumba kwenye visanduku, ncha ikiangalia chini.

Vikombe chukua vyovyote, plastiki ikae kwanza ndani ya mzinga siku moja nyuki waizoee. Sukari na maji sawa kwa sawa. Na kama mkono unatetemeka, kuna visanduku vya plastiki ambavyo malkia hutaga moja kwa moja kwenye vikombe, huhamishi chochote kwa kijiko. Navyo vinataka uandike siku na saa uliyomfungia, kwa kalamu isiyofutika, juu ya mfuniko wa mzinga.