Hendibreki inavutika hadi juu na gari bado linateremka

SWALI: Shikamoo fundi. Nipo Leicester, Uingereza, mwaka wa pili sasa naunga gari mwenyewe gereji ya nyumbani, yale unanunua chesisi na bodi halafu injini na difu unatoa kwenye gari kuukuu. Wazungu wanayaita kit, mke wangu anasikia kiti basi ndo jina limebaki hilo, gari la kiti. Nimechinja Mazda MX-5 ya 1993. Kila kitu kimekaa ila hendibreki, navuta hadi mwisho na gari linateremka tu pole pole hapo mlangoni. Nati ya waya nimekaza mpaka meno ya bolti yameisha. Jamaa ananiambia nifunge ya haidroliki nimalize kesi. Nifanyeje?

JIBU: Marahaba, na mpe pole shemeji, miaka miwili gari halitoki gereji!

Hiyo nati ndo ilipoanzia shida, ilegeze yote. Kwenye MX-5 hendibreki inakamata kalipa zile zile za nyuma, yaani vile vibano vinavyobana pedi kwenye diski, waya unavuta kimkono kidogo na kimkono kinasukuma pistoni. Ukikaza waya kufidia nafasi iliyopo kwenye pedi, kile kimkono hakirudi tena mwisho wake na kalipa inashindwa kujirekebisha yenyewe, kwa hiyo unakaza leo, wiki ijayo unakaza tena.

Anzia kwenye magurudumu. Weka vigingi mbele, inua nyuma, simamisha kwenye stendi sio jeki peke yake. Nyuma ya kalipa kuna bolti ya spana 14, hiyo ni mfuniko tu, itoe, ndani utakuta tundu la alenki ya milimita 4. Zungusha kufuata saa mpaka diski igome kabisa, halafu rudisha kama theluthi ya mzunguko. Gurudumu lizunguke huku unasikia pedi zinanong'ona kwa mbali. Fanya na upande wa pili, piga pedali ya breki mara kadhaa, hapo sasa ndo urudi kwenye nati, ukivuta ilie kre mara 5 mpaka 7 iwe imeshika.

Ikigoma bado, mwambie mtu avute wewe ulale chini uangalie. Nyaya zile zilitengenezwa kwa sakafu ya Mazda, wewe umezipitisha kwenye chesisi ya watu wengine, kona kali zinakula mvuto wote. Na angalia sana ganda la nje la waya pale linaposhikwa, maana ganda likisogea hata kidogo waya wa ndani hauvuti kitu. Mi niliwahi kuchomelea bracket, kile kishikio cha ganda, ya bati la milimita 2, kila nikivuta inainama kama inasali, nilihangaika na kalipa siku mbili nzima bure. Nikaiongezea kipande cha pembetatu nyuma yake, kutoka kre 11 ikashuka 6. Kile kipande kinachogawa mvuto kwa nyaya mbili nacho kiwe huru kucheza, kikibana gurudumu moja linashika, lingine linatalii.

Haidroliki achana nayo. Huko breki ya kuegesha lazima ishikiliwe na chuma, sio mafuta, maana mafuta yanavuja kidogo kidogo usiku unalala, asubuhi gari lipo kwa jirani. Kwenye IVA, ule ukaguzi wa gari la kuunga mwenyewe kabla halijasajiliwa, watakurudisha nyumbani. Na MOT, ukaguzi wa kila mwaka wa huko, inataka hendibreki ya gari kama lako ifikishe asilimia 16 ya uzito, yaani likiwa kilo 600 ni kama nguvu ya kilo 96, wala sio nyingi, nyaya zikipita vizuri unafika.

Halafu ukitoka kuliendesha diski zina moto, zikipoa zinanywea na pedi zinalegea kidogo, kwa hiyo hapo mlangoni kwako vuta tena baada ya dakika kumi na uliache kwenye gia.