Sitar haiimbi? Anza na koo lako

Ndugu yangu, unasema vidole vina kasi lakini mwalimu anakwambia sitar yako, ala ya nyuzi ya Kihindi, "haiimbi". Nadhani kosa liko mkono wa kulia: unacharaza kila noti. Mwimbaji gani anavuta pumzi kwa kila silabi?

Anachokitaka mwalimu wako ni gayaki ang, kupiga ala kama sauti ya mtu, mtindo ambao mpiga sitar wa India, Vilayat Khan (1928–2004), aliufikisha mbali. Charaza mara moja kwa mizrab, kile kipande cha waya unachovaa kidoleni, kisha vuta waya pembeni kwenye freti (kipande cha chuma kinachokatiza shingo ya sitar) hiyohiyo mpaka noti ya juu yake. Hiyo ndiyo meend. Mlio wa sitar hufifia upesi, basi vuta ungali hai.

Ila kwanza weka sitar chini, uimbe kifungu chenyewe. Sauti mbaya si neno, yangu mimi inafukuza paka. Pale unapopumua ndipo pa kucharaza upya. Chukua raga (mpangilio wa noti za wimbo) iitwayo Yaman: charaza re, noti ya pili, vuta hadi ga, ya tatu, rudi re bila kucharaza tena. Fanya hivyo tu wiki nzima. Kidole kitauma, paka mafuta ya nazi kidogo, waya uteleze.