Je, "hewa ya ukaa" tunayoitoa puani ndiyo ile ya jiko la mkaa?

SWALI: Mimi ni mwalimu wa sayansi wa shule ya sekondari. Darasani ninafundisha kwamba hewa ya ukaa ndiyo tunayoitoa kila tunaposhusha pumzi. Hata hivyo, habari zinapotangaza vifo vya watu waliolala na jiko la mkaa chumbani, husemwa kwamba "walivuta hewa ya ukaa". Je, hewa hizi ni moja? Na je, ninaweza kusema kwamba ubongo "hunusa" hewa hiyo?

JIBU: Si moja, ingawa ni rahisi kuona kosa hilo limeingilia wapi. Neno "ukaa" lina shina lilelile la "kaa" na "makaa", na kwa kuwa wengi hulitumia kwa maana ya kaboni, gesi yoyote yenye kaboni ingeweza kisarufi kuitwa hewa ya ukaa. Mazoea, lakini, yamekwisha kulifunga jina hilo kwa kaboni dayoksaidi, yenye atomi moja ya kaboni na mbili za oksijeni. Ndiyo inayokusudiwa tunaposoma kuhusu biashara ya hewa ukaa na mabadiliko ya tabianchi. Inayowaua waliolala ni kaboni monoksaidi, yenye atomi moja tu ya oksijeni, ambayo huzalishwa mkaa unapoungua bila kupata hewa ya kutosha. Jiko hutoa gesi zote mbili kwa pamoja.

Ningeweza kuliacha jambo hili kama suala la istilahi tu, lau mwili wenyewe usingezitofautisha gesi hizo kwa namna inayohusu uhai. Kaboni dayoksaidi ina mlinzi. Ikizidi katika damu, hupenya hadi kwenye majimaji yanayouzunguka ubongo, huungana na maji na kuwa asidi ya kaboni, na asidi hiyo huachia ayoni za hidrojeni, yaani chembe zenye chaji zinazoleta uasidi. Seli zilizo katika medula oblongata, yaani sehemu ya chini kabisa ya shina la ubongo, hutambua ongezeko la ayoni hizo, na kupitia neva huhimiza kiwambo (msuli ulio chini ya mapafu) na misuli ya mbavu kufanya kazi kwa nguvu zaidi. Mwaka 1905, wanasayansi Haldane na Priestley walionyesha huko Uingereza kwamba kiasi cha gesi hii mapafuni hudumishwa karibu palepale, na kwamba kikipanda kidogo tu, mtu huanza kuhema. Hata anayebana pumzi hulazimika kuiachia hasa kwa sababu kaboni dayoksaidi imemjaa, wala si kwa sababu oksijeni imemwishia.

Kaboni monoksaidi haina mlinzi wa namna hiyo. Hushikamana na himoglobini, yaani protini ya damu inayobeba oksijeni, kwa nguvu inayoizidi ile ya oksijeni zaidi ya mara 200, hata damu ikashindwa kubeba oksijeni ya kutosha. Lakini oksijeni iliyoyeyuka katika maji ya damu, ambayo ndiyo inayopimwa na vipokezi vya shingoni (seli zinazofuatilia oksijeni katika damu), haipungui sana. Kaboni dayoksaidi nayo huendelea kutoka kama kawaida, kwa hiyo medula haioni sababu ya kushtuka. Mtu hatweti. Huumwa kichwa, hupata kizunguzungu na kichefuchefu, na akiwa usingizini huenda asiamke kabisa.

Kwa sababu hiyo, hata msemo "walifariki kwa kukosa hewa" unapotosha katika habari za namna hii, kwa kuwa humfanya msikilizaji amwone mtu anayehaha kutafuta pumzi, dalili ambayo huenda isionekane kamwe. "Moshi wa mkaa" nao haufai: mkaa uliokwisha kuwaka vizuri hauonyeshi moshi, na hilo ndilo linalowashawishi watu kuliingiza jiko ndani. Ninapendekeza watangazaji waseme "walivuta sumu ya kaboni monoksaidi iliyotoka kwenye jiko la mkaa", na "hewa ya ukaa" ibakie kwa ile unayoifundisha.

Kuhusu "kunusa", sikubaliani nawe. Kunusa ni kazi ya pua, na gesi zote mbili hazina harufu. "Kuhisi" kunakubalika, hasa tukizungumzia seli. "Kujua" hakufai, kwani kazi hii hufanyika hata mtu akiwa amelala fofofo. Mimi hupendelea "kutambua", kwa sentensi kama hii: "Kaboni dayoksaidi ikiongezeka katika damu, medula oblongata hutambua ongezeko la asidi linalotokana nayo na kuongeza kasi na kina cha upumuaji." Nimeandika "upumuaji", si "pumzi", kwa sababu pumzi ni hewa yenyewe inayoingia na kutoka, ilhali kinachoongozwa na ubongo ni kitendo.