Mbwa Waliouokoa Uwanja wa Olimpiki

SWALI: Katika ubishi wa mpira, mwenzangu ameshikilia kwamba mwaka 1966 mechi moja ya Kombe la Dunia ilihamishwa kutoka Wembley kwa sababu ya mbio za mbwa. Nilimkatalia mbele za watu. Nani yuko sahihi? Na uwanja ilikohamishiwa bado upo? – Mpenda Soka

JIBU: Ndugu Mpenda Soka, mwenzako yuko sahihi, mwombe radhi. Ilikuwa mechi ya Uruguay na Ufaransa, Ijumaa tarehe 15 Julai 1966. Ijumaa ilikuwa siku ya mbwa pale Wembley, na mwenye uwanja alikataa kuziahirisha mbio zake. Mechi ikapelekwa White City, magharibi mwa London, na Uruguay wakashinda 2-1. Ajabu ni kwamba White City nao ulikuwa uwanja wa mbwa, tena ndio ulioheshimika kuliko vyote Uingereza.

Siku hizi haupo. Ulivunjwa mwaka 1985. Mimi niliuwahi, nikiwa mwanafunzi London mwaka 1983 nilikwenda mara tatu, kwa hiyo swali lako limenigusa.

Ulijengwa kwa ajili ya Olimpiki ya 1908. Ndipo pale Mwitaliano Dorando Pietri alipoingia akiongoza marathoni huku hajiwezi, akaanguka mara kadhaa, wakamshika mkono hadi mstarini, kisha wakamfutia ushindi kwa sababu alisaidiwa. Michezo ilipokwisha, uwanja haukuwa na kazi ya maana kwa miaka karibu ishirini. Bila mbwa ungeoza na kufukiwa mapema. Mashindano ya mbwa kumfukuza sungura bandia yalianzia Marekani, yakafika Manchester Julai 1926, kwenye uwanja wa Belle Vue, na tarehe 20 Juni 1927 yakaingia White City. Mwaka huohuo ikaanzishwa Derby ya mbwa, yaani mashindano makubwa kuliko yote ya mbio za mbwa Uingereza, na White City ukawa nyumbani kwake hadi 1984, ukiacha miaka ya Vita vya Pili vya Dunia.

Jina la kukumbuka hapo ni Mick the Miller, mbwa aliyezaliwa Ireland kwa padri. Alinusurika ugonjwa uliokuwa ukiua mbwa wengi, kisha akaja kuchukua Derby ya 1929 na ya 1930. Ndiye wa kwanza kukimbia yadi 525 (mita 480 hivi) chini ya sekunde 30. Mwaka 1931 alitangulia tena kwenye fainali, lakini mbwa mwingine alikuwa amevamia mwenzake njiani, mbio zikafutwa na kurudiwa. Safari ya pili miguu ilikuwa imechoka, akamaliza wa nne. Hadi leo naona alionewa.

Niliyoyaona mwenyewe ni haya. Mbwa sita wanapitishwa mbele ya watu, kila mmoja na fulana ya rangi ya kizimba chake, yaani kijumba anachofungiwa kabla ya kuanza mbio: nyekundu namba moja, buluu mbili, nyeupe tatu, nyeusi nne, rangi ya chungwa tano, na sita milia myeusi na myeupe. Wapokea dau wanafuta na kuandika ubaoni kwa chaki, na watu waliovaa glavu nyeupe wanapeana habari za dau kwa ishara za mikono. Halafu taa za majukwaani zinafifia, inabaki njia peke yake inang'aa. Unasikia kwanza mlio wa sungura kwenye reli yake, unazidi kukaribia; anapovipita vizimba, milango inaruka juu. Nusu dakika, basi. Ila hata usiku ule majukwaa yalikuwa na nafasi nyingi mno. Mzee mmoja karibu nami alinyoosha kidole kwenye ngazi tupu akasema zamani hapo usingepata pa kuweka mguu.

Alichosema mzee kina sababu yake. Zamani, mtu wa kawaida mwenye fedha taslimu mkononi hakuwa na njia halali ya kubeti nje ya uwanja. Ilimpasa aende. Sheria ya 1960 ikaruhusu maduka ya kubeti mitaani, yakafunguliwa Mei 1961, na tangu hapo mtu akaweza kuweka dau bila kumwona mbwa. Mimi naliona hilo ndilo lililouua uwanja, taratibu, zaidi ya televisheni. Kiwanja cha mjini kikawa na thamani kuliko kiingilio. Mbio za mwisho zilikuwa tarehe 22 Septemba 1984. Derby ikahamia uwanja wa mbwa wa Wimbledon, nao ukafungwa mwaka 2017.

Pale White City wakajenga ofisi za BBC. Ukifika hapo, barabara ya Wood Lane, utaona alama chini, inayoonyesha mstari wa kumalizia wa 1908. Kuhusu Mick the Miller, nenda Tring, kaskazini-magharibi mwa London, kwenye jumba la makumbusho la viumbe. Amekaushwa, yumo kwenye kabati la kioo, amesimama.