Unapomleta Mwandishi Mwingine Kwenye Kiingereza Chako, Chagua Kitenzi kwa Makini

Nimesoma rasimu nyingi za tasnifu za historia zinazoandikwa kwa Kiingereza, na ushauri ninaourudia kuliko wowote unahusu neno moja tu: kitenzi kinachomleta mwandishi uliyemsoma ndani ya aya yako. Wengi wetu tunang'ang'ania “according to”, maana “kwa mujibu wa” tumeizoea tangu shule. Si kosa. Ila ukurasa uliojaa “according to” hausemi kama unamwamini huyo unayemtaja, na msomaji wa Kiingereza anataka kujua hilo mapema.

Chukua Ibn Battuta, msafiri wa Moroko aliyefika Kilwa mwaka 1331. Masimulizi yake yaliandikwa na Ibn Juzayy huko Moroko na kukamilika 1355, miaka mingi baada ya safari hiyo ya Kilwa. Katika baadhi ya tafsiri anasema mji wote ulijengwa kwa mbao. Ukiandika “Ibn Battuta points out that Kilwa was built of wood”, umeshatia saini yako chini ya maneno yake, kwa sababu “point out”, sawa na “show” na “demonstrate”, hutumika kwa jambo ambalo wewe mwenyewe unalikubali. Msimamizi ana haki ya kukuuliza: na Msikiti Mkuu wa Kilwa, wa mawe ya matumbawe, ambao tayari ulikuwepo alipofika, unauweka wapi?

Ukiandika “claims”, umehamia upande wa pili. Msomaji sasa anasubiri pingamizi. Usipolitoa, umemtilia shaka mtu bila kuonyesha sababu, jambo ambalo mimi naliona ni uonevu hata kama aliyeonewa alifariki karne nyingi zilizopita. Kwa shahidi wa namna hii, “reports”, “writes” au “describes” zinatosha. Kisha sentensi inayofuata iseme wazi magofu yanaonyesha nini.

Sikio la kazi hii tunalo tayari. Gazeti likiandika kwamba mshitakiwa “anadaiwa kuiba”, kila msomaji anaelewa kwamba mahakama haijaamua; Waingereza hapo huweka “allegedly”. Basi kabla ya kuandika, jiulize kwa Kiswahili: huyu anadai, anaeleza, anathibitisha au anakiri? Hapo kwenye kukiri pana mtego. Mara nyingi nakuta “admits” imewekwa mahali pa “anakubaliana”, na mwanazuoni wa watu anaonekana ameungama kosa. Angalia pia “as”: “As Chittick argues” inaonyesha kwamba uko upande wa Chittick, mwanaakiolojia aliyechimba Kilwa, wakati “Chittick argues” inaacha mlango wazi.

Kila taaluma ina mazoea yake. Mwaka 1999 mwanaisimu Ken Hyland alilinganisha makala za taaluma nane, akakuta wanafalsafa wakipenda “argue” na “claim”, na wanabiolojia “find”, “report” na “show”. Nyakati za vitenzi nazo hutofautiana: mwongozo wa uandishi wa APA, unaotumika sana katika saikolojia, unataka wakati uliopita, ule wa MLA, unaotumika sana katika lugha na fasihi, unataka uliopo. Fungua jarida la fani yako, pigia mstari vitenzi hivyo katika makala mbili tatu, utapata mwelekeo haraka.

Linalonisumbua zaidi ni mpaka. Mwanafunzi anamtaja mtu mwanzoni mwa aya, anaandika sentensi tano, halafu tanbihi inakaa mwishoni. Katikati hapo sijui lipi lake na lipi la kuazima. Waandishi wa Kiingereza humshika tena yule mtu njiani: “she adds”, “he goes on to argue”. Wakianza kusema yao, huweka alama kama “this suggests” au “in my view”. “According to me” iache kabisa, hawaisemi.

Na kama maneno ya Ibn Battuta umeyakuta ndani ya kitabu cha mtu mwingine, usiandike kana kwamba ulifungua safari zake mwenyewe. Andika “cited in”, kisha umtaje huyo uliyemsoma hasa.