Mzee wa Mabango Anajibu

SWALI: Shikamoo mzee. Nina kibanda cha juisi hapa Chikongola, Mtwara mjini. Jamaa mmoja ameniletea bango la bati la kutangaza soda. Lina picha ya mchezaji wa besiboli, Babe Ruth, ametupa mgongo, gongo begani. Chini pameandikwa 1921. Lina kutu na matundu manne ya misumari. Anasema babu yake alikuwa baharia, alilitoa Marekani. Anataka laki tatu na nusu, na Jumamosi anakuja kuchukua jibu. Nimekutumia picha sita. Ni la zamani kweli?
Msomaji, Chikongola

JIBU: Marahaba, mjomba. Picha ya tatu ndiyo iliyonimaliza. Mgongoni mwa Ruth kuna namba 3. Timu yake, New York Yankees, ilianza kuvaa namba mgongoni msimu wa 1929, naye akapewa 3 kwa kuwa alikuwa wa tatu kwenye zamu ya kugonga mpira. Mwaka 1921 migongo yao ilikuwa mitupu. Huyo mchoraji aliijuaje namba ya miaka minane mbele? Labda alikuwa mganga.

Hiyo peke yake inatosha, ila ili Jumamosi usibishane kwa maneno matupu, azima lenzi ya fundi saa. Picha iache, tazama herufi. Mimi nimeandika mabango ya maduka kwa mkono zaidi ya miaka thelathini, kwa hiyo jicho langu huanzia hapo. Kwenye bati lililochapwa enzi zile, herufi nyekundu ni wino mtupu, umejaa ukingo hadi ukingo. Picha yenyewe ikiwa na vitone, hilo halina neno. Lakini ukikuta hata herufi imejengwa kwa vitone vya buluu, njano na waridi vilivyojipanga kama shanga, basi kuna mtu alipiga picha bango jingine akalichapa upya.

Halafu kutu. Kutu ya kweli ina adabu zake: huanzia kwenye tundu la msumari, palipokwaruzwa, na ukingo wa chini ambako maji husimama. Ya kwako imemwagika sawasawa bango zima, kama pilipili ya unga kwenye muhogo. Na bango lililokaa ukutani miaka mingi huwa na pete kuzunguka kila tundu, pale kichwa cha msumari kilipoikinga rangi na jua. Nimeyakuza matundu yako yote manne, sikuona pete hata moja.

Haya nimeyajua kwa kuumia. Niliwahi kununua bango la baiskeli kule Lindi, nikaambiwa ni enameli ya wakati wa mkoloni. Elfu tisini. Nilipofika nyumbani Mikindani nikalipitishia limau, nia yangu kulisafisha tu. Kutu yote ikaondoka na maji, bati jipya likawa linanimetea usoni. Mke wangu alicheka mpaka akakaa chini. Enameli ya kweli ni kioo kilichochomwa juu ya chuma, kama zile sahani za bibi zenye ukingo wa buluu. Pitisha ukucha pale rangi mbili zinapokutana, mara nyingi utahisi kangazi kadogo. Ikimeguka hutoka kama gamba, chini unaona chuma cheusi. Kwenye lile langu ukucha uliteleza tu kama kwenye kalenda.

Kama limekupendeza, mpe elfu ishirini, kibanda kitachangamka. Babu wa watu usimguse. Mwonyeshe namba 3, umuulize yeye.

SWALI: Mzee, shikamoo. Nimesikia kadi yenye picha ya mchezaji wa besiboli, Honus Wagner, iliuzwa dola milioni 7.25 mwaka 2022. Mimi ninayo, niliikuta ndani ya kitabu cha mitumba. Ina ukubwa wa karata. Niiuze wapi?
Msomaji, Lindi

JIBU: Marahaba. Hapo kwenye karata ndipo moyo wangu ulipopoa. Kadi zile ziliwekwa ndani ya pakiti za sigara Marekani kati ya 1909 na 1911, na nyuma zina tangazo la sigara. Upana ni kama wa kiberiti, urefu unazidi kidogo. Ya Wagner imekuwa adimu kwa sababu aligoma picha yake isitumike, zikatoka chache sana.

Ukitaka kuhakikisha, usiku nenda kwa wakala wa pesa mwenye taa ya kukagulia noti. Karatasi nyingi za baada ya Vita Kuu ya Pili zimetiwa dawa ya weupe, zinawaka buluu kama shati jeupe kwenye disko. Ya 1909 hubaki imefifia. Ya kwako ikiwaka, irudishe kitabuni, ikushikie ukurasa.