Ing'oe Antena Kwanza

Jumanne usiku msomaji mmoja, mwanafunzi wa mwaka wa nne, alinitumia picha ya grafu na maneno mawili: "Kaka, nimeipata!" Ni kipimo cha antena ya Vivaldi, antena bapa ya masafa mapana, aliyoichora mwenyewe, ya kuanzia gigahezi 2 hadi 6. Mstari wa nguvu inayorudi kwenye mashine badala ya kuingia kwenye antena (ukiwa chini zaidi, kinachorudi ni kidogo zaidi) unaanzia desibeli −7, unateremka taratibu bila shimo wala kilima, unafika −13. Vitabuni tunafundishwa kwamba −10 inatosha, maana ni sehemu moja tu ya kumi inayorudi. Kijana ana haki ya kushangilia.

Mimi tumbo lilinikata. Mstari ule naufahamu kama sura ya mtu aliyewahi kunidhulumu.

Miaka michache iliyopita kampuni moja hapa Dar ilikuwa inatafuta antena za kusakia vyanzo vya mwingiliano wa mawimbi kwenye minara. Nikajitosa. Vivaldi nilikuwa naipenda tangu chuo: ubao wa saketi wenye mpasuko kwenye shaba, mwembamba kama uzi upande mmoja, unapanuka hadi kuwa mdomo wa tarumbeta upande wa pili. Gibson aliitangaza mwaka 1979 na mpaka leo sijaona umbo la busara zaidi. Mawimbi ya masafa ya juu yanatokea kule kwenye wembamba, ya chini yanangoja mdomoni, na yote yanaelekea mbele. Mdomo tu uwe angalau nusu ya urefu wa wimbi la masafa ya chini kabisa. Kwa gigahezi 2 wimbi lina sentimita 15, kwa hiyo mdomo sentimita 7.5. Nikaupa 9 kwa usalama.

Usiku wa kuchora siwasimulii, wote mnaujua. Mbao zikaja kutoka kiwandani, nikachomelea viunganishi vya SMA, vile vidogo vya kufungia kebo, nikapima, grafu ikatoka tamu. Nilivaa shati jeupe siku ile.

Walikuwa watu wanane mezani. Nikaonyesha mstari wangu, nikazungumza kama niliyegundua umeme. Pembeni alikaa mzee mmoja, fundi wa minara, hajasema neno tangu asubuhi. Akanyanyua mkono. "Kijana wangu, hebu ing'oe hiyo antena, tuone."

Nikaifungua. Kebo ikabaki inaning'inia, mwisho wake hauna kitu. Mstari kwenye skrini haukutikisika.

Hakuna aliyecheka, na hilo ndilo lililouma. Mzee akauliza tu kebo ile ina urefu gani. Mita mbili, ile nyembamba ya bei nafuu. Kwenye gigahezi 5 kebo ya namna hiyo inameza kama desibeli 5 ikienda na 5 tena ikirudi. Jumla 10. Hata ukiifunga kijiko cha chai mwishoni utapata −10 yako. Nami nilikuwa nimerekebisha kipimo mlangoni pa mashine ya kupimia, si mwisho wa kebo, hivyo ikaihesabu kebo kama sehemu ya antena, kwa sababu nilikuwa na haraka.

Zabuni walimpa mwingine. Sina kinyongo. (Ninacho kidogo.)

Nyumbani niliinua ubao kwenye taa. Kwenye mzizi wa mpasuko panatakiwa pawe na duara lisilo na shaba, ndilo linaloulazimisha wimbi liende mbele badala ya kurudi nyuma. Kwangu palikuwa peusi. Programu ya kuchorea ilikuwa imelijaza shaba duara lote pamoja na kipande cha mpasuko pale unapokatiza mkanda unaoleta nguvu, nami nilituma faili bila kulifungua na kulitazama. Yaani nilichokuwa nacho ni ubao wa kijani wenye umbo zuri.

Kwa hiyo ndugu yangu, wewe unayetaka siku moja antena yako ikae juu ya mnara ikiwa na jina lako, nisikilize. Rekebisha kipimo mwisho wa kebo, kwa vile vifuniko vitatu vya kusawazishia mashine. Tumia kebo fupi. Kisha ing'oe antena uangalie mstari. Antena ya kweli ina mashimo na vilima, mstari laini unaoteremka polepole ni kebo inajisifu. Ukishamaliza, ing'oe tena. Tusidanganyane: nguvu isiyorudi si lazima iwe imeruka hewani. Huenda imekuwa joto, na ubao wa FR-4, ule wa kawaida wa saketi, nao unakula sehemu yake kadiri masafa yanavyopanda.

Kinachosema kweli ni antena mbili zinazofanana zikitazamana. Mbao zangu za pili nilizisimamisha kwenye uwanja wa shule, mita 3 kati yake, huku watoto wakiuliza kama ni panga. Kwenye gigahezi 3, umbali huo peke yake unapoteza desibeli 51.5. Nguvu iliyofika upande wa pili nilisoma −36, kebo nikiwa nimeshaziondoa kwenye hesabu. Tofauti ni 15.5, gawa kwa mbili: kila antena inaongeza karibu desibeli 8 kwa kuelekeza nguvu mbele. Nilipima mara nne. Mara zote ikaja ileile. Nilitamani yule mzee awepo.

Yule kijana nilimjibu neno moja: ing'oe. Alikaa kimya siku nzima, nikadhani nimemuudhi. Jana saa nne usiku akaandika, "Kaka, haujatikisika hata kidogo." Nimemwambia anitumie faili la tabaka la chini tuliangalie pamoja lile duara.